Gitaa la Mkono wa Kushoto

Bigwa, Morogoro
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya lolote naliulizia goti lako. Mvua za huko Ujiji zikianza najua linavyokusumbua, na najua pia kwamba dumu la mawese bado unalibeba mwenyewe hadi sokoni, ukiulizwa unasema ni jepesi. Na Baba, kikohozi kimemwachia? Huku sisi ni wazima. Milima imejifunika ukungu tangu juzi, nguo hazikauki, lakini mwili hauumwi. Mjukuu wako Hadija anakula vizuri na amerefuka. Mimi ninachokosa ni usingizi tu. Tangu nizae, usingizi wangu naupata vipande vipande, kama sabuni ya kuuziwa dukani.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu nikipiga, Bibi yuko jikoni anasikia mpaka pumzi zangu. (Bibi ni mama mkwe wangu, tangu Hadija azaliwe hapa nyumbani wote tunamwita hivyo.) Halafu na wewe mama, nisamehe, ukisikia neno usilolitaka unasema mtandao umekata. Karatasi haikati. Nimempa jirani yetu anayepanda treni kuja Kigoma kumwona mwanawe, atakufikishia mkononi. Naomba uisome mwenyewe, uvae miwani yako, ufike mpaka mwisho. Usimpe baba mdogo akusomee, yeye huwa anaruka mistari.

Naanza na jambo ambalo utalicheka. Najifunza gitaa.

Ndiyo, gitaa. Si unajua nafanya usafi kwenye mabweni ya wanafunzi kule Mazimbu? Sasa mwaka jana kulikuwa na binti mmoja wa Makete, Neema, alikuwa mwaka wa mwisho. Yeye alikuwa na gitaa la umeme. Nikifika korido yake nadeki polepole, sehemu moja naipitisha tambara mara tatu. Siku moja akafungua mlango akanikuta nimesimama na fimbo ya deki kama askari wa lindo.

"Dada Zai, hapo pameshatakata. Ingia tu."

Nikaingia. Akanivalisha mkanda wa gitaa begani. Mama, sijui ilikuwaje, gitaa nililipokea upande usio wake. Shingo ilikuja mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye nyuzi. Ulipozigusa tu, mkono wangu wa kulia uliruka ukaupiga kofi ule wa kushoto. Paa! Hata mimi nilishtuka.

"Dada, umejipiga?"

"Mbu," nikasema.

"Mbu gani saa nne asubuhi?" Akaniangalia. "Wewe una mashoto."

"Nilikuwa nayo. Utotoni mama alinitibu."

Akaushika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza huku na huku kama mtu anayechagua nyanya. "Mbona naona bado upo hapa?"

Tukacheka sana. Lakini niliporudi nyumbani nilikaa na lile kofi. Nina miaka ishirini na sita, mama, nina mtoto, na bado naupiga mkono wangu.

Jumamosi yake tukazitoa nyuzi zote sita, tukazirudisha kwa kuzigeuza, ule mnene ukae pale mkono wa kushoto unapoutaka. Kumbe kule juu ya shingo kuna kipande cheupe chenye vijifereji, kila uzi na kijifereji chake, na ule mnene haukuingia kwenye kijifereji cha uzi mwembamba. Ukawa unarukaruka. Ilibidi tukisugue kwa tupa ya kucha hadi ukakaa. Mpaka leo unavuma kidogo, nimeuzoea. Neema alipomaliza masomo aliniachia gitaa na amplifaya yake, akasema gitaa lenyewe limeshageuka la mashoto, yeye atalipigaje?

Amplifaya ni kile kisanduku cha kutoa sauti. Hiki changu ni kidogo, kama redio ya Baba ile ya betri, kina vifundo vitatu vya kuzungusha na kiswichi kimoja. Siku ya kwanza kukichomeka chumbani sikujua kiswichi ni cha nini, nikakibonyeza, nikapiga uzi mmoja. Sauti iliyotoka! Kuku walitawanyika uani.

"Zai!" Bibi akapiga kelele. "Umeingiza mashine ya kusaga ndani?"

Kiswichi kile ni cha kuikwaruza sauti, vijana wanakipenda. Mimi nimekibandika plasta nisikiguse tena. Na umeme ukikatika nafanya alivyonionyesha Neema, naegemeza ubavu wa gitaa kwenye kabati la nguo, na kabati zima linaimba kwa ndani, sauti ya chini, kama mtu anayeongea chumba cha pili.

Nalipiga alasiri nikitoka kazini, Hadija akiwa amelala. Ni saa moja tu kwa siku. Kuzihamisha pumzi na vidole pamoja si kazi ndogo. Mkao wa kwanza wa vidole ninao, wa pili ninao, ila kutoka wa kwanza kwenda wa pili kulinichukua wiki tatu, vidole vinatua kimoja kimoja kama kuku wanaoingia bandani. Ncha za vidole vya kulia zilichubuka, zikapona, zikachubuka tena, sasa zimekuwa gome. Hata nikishika ugali wa moto sizisikii zikiungua. Lakini mkono wa kushoto, ule unaopiga nyuzi, mama, huo sikuufundisha chochote. Ulikuwa unajua. Ni kama alikuwepo mtu nyumbani miaka yote amekaa kimya, leo ndiyo umemuuliza jina.

Basi hiyo ndiyo habari nzuri. Sasa nakueleza iliyonifanya niandike.

Somo yako Hadija ana mashoto. Sikukwambia. Tangu akiwa anatambaa nilikuwa naona, mkono wa kushoto ndio unatangulia kila mahali. Kwenye kula, nimemfundisha mwenyewe, bismillahi na mkono wa kulia, na anakula kwa kulia. Hilo sina ubishi nalo. Lakini akichora, akirusha kijiwe, akishika kifagio, ni kushoto. Bibi alikuwa anasema kidogo kidogo, anauchapa kwa kidole, anamtania. Unajua mabibi na wajukuu.

"Mke mwenzangu, babu yako utamtengea chakula kwa mkono wa chooni? Atakuacha, abaki na mimi peke yangu."

"Wewe mzee," Hadija anamjibu. "Babu ananitaka mimi."

Wanacheka wote wawili. Ilikuwa hivyo. Ila tangu mwezi wa Ramadhani ulipoisha, kwa sababu mwaka huu anataka kumpeleka madrasa, Bibi ameanza kuufunga. Anachukua kipande cha khanga laini, anaukunja mkono wa kushoto, anaufunga kiunoni, kuanzia chai ya asubuhi hadi alasiri. Haukazi. Anaweka hata pamba kwenye kifundo usichubuke. Anambusu kichwani akimaliza.

Hapo ndipo ninapochoka, mama, kwa sababu sina wa kumchukia. Huyu ndiye aliyeniogesha nilipojifungua. Nilipolazwa na malaria alimbeba Hadija mgongoni siku sita, akilima naye, akipika naye. Akishuka kutoka shambani kule juu na ndizi kichwani, kitu cha kwanza anachouliza ni "mke mwenzangu amekula?" Nikienda kazini namwacha mtoto kwa moyo mweupe. Mtu wa namna hii unamwambiaje?

Nilijaribu kufungua. Nafungua asubuhi kabla sijaondoka, nikirudi umefungwa. Hatusemezani juu yake, ni kitambaa tu kinaenda na kurudi. Nikampigia mume wangu Shabani, yuko Ruvuma kwenye kazi ya barabara.

"Zai, mimi niko porini huku na vumbi mpaka puani," akaniambia. "Unataka nigombane na mama kwa sababu ya mkono?"

"Ni mkono wa mwanao."

"Haujakatwa, umefungwa tu. Kwani wewe hukufungwa? Umekufa?"

Nikakata mimi simu, safari hii haukuwa mtandao.

Sasa kama wiki tatu zilizopita nimetoka kazini nikamkuta Hadija ameshafunguliwa, amekaa mkekani na penseli na karatasi. Mkono wa kushoto ukanyooka kuichukua penseli. Mkono wa kulia ukainuka, ukaupiga. Paa. Kofi lile lile, mama. Halafu akaniangalia aone kama nimefurahi.

Nilikwenda nikakaa nyuma ya choo, nikavuta pumzi mpaka nikaweza kurudi.

Mimi ni mke katika nyumba ya watu, siwezi kumjibu mama mkwe mdomo kwa mdomo, na wewe usingependa nifanye hivyo. Nikakumbuka harusi za kwetu Ujiji, ulivyokuwa unaniambia neno likiwa gumu kulisema, liimbe. Basi nikaanza kutunga. Sikuwahi kutunga chochote mimi, shuleni hata insha nilikuwa naomba ya mwenzangu. Kila nikipata mstari mmoja nikiwa nadeki, nikifika nyumbani umepotea, nikaanza kuandika kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Mapigo niliyachukua kwa Bibi mwenyewe, akitwanga kisamvu: mchi mara mbili, kimya, mchi mara moja, kimya. Wiki mbili zilipita ndipo wimbo ukakaa. Ni mfupi:

Nina mikono miwili, mama,
mmoja unapeleka tonge,
mmoja unashika dunia.
Ukiufunga huu wa pili, mama,
dunia nitaishika na nini?

Ijumaa majirani wawili walikuja uani kuchambua maharage na Bibi. Nikauvuta waya wa umeme mpaka mlangoni, nikaweka amplifaya juu ya ndoo iliyofunikwa, nikaimba. Mkao wa tatu niliukosa mara mbili. Majirani wakapiga vigelegele, mmoja akasema nihamie kwenye bendi niache kudeki. Bibi aliendelea kuchambua, kichwa kinafuata mapigo, mdomo unatabasamu. Hadija alikuwa pembeni yake, mkono uko kiunoni.

Walipoondoka, Bibi akaniambia niketi. Akakung'uta ungo.

"Mkwe wangu, nimekusikia. Ungeniambia kwa mdomo ningekasirika. Umeniimbia, nimefurahi, na wimbo wenyewe mtamu. Lakini ngoja na mimi nikwambie."

Akanisimulia habari za dada yake wa kule juu mlimani, ambaye alikuwa na mashoto na hakufungwa, kwa sababu mama yao alimwonea huruma. Siku wakwe walipokuja kumtazama, yule dada kwa pupa akamtengea baba mkwe sahani kwa mkono wa kushoto. Wageni waliinuka, wakaaga kwa adabu, wakaacha wali unafuka. Hakuolewa tena pale wala kwingine. Mpaka leo ni bibi kizee, na watoto wa kijiji wanamwita kwa mkono wake, jina lake wameshalisahau.

"Mimi nilikuwepo," Bibi akasema. "Nilikula mimi ule wali, nilikuwa mtoto, nilikuwa na njaa. Sasa unataka mke mwenzangu aje aachiwe wali?"

Ungesema nini, mama?

"Na wewe mwenyewe ndiye unanipa moyo," akaendelea. "Shabani aliniambia kwamba mama yako aliufunga mkono wako. Nikakutazama. Unawapokea wageni vizuri, unatenga vizuri, sijawahi kuinamisha kichwa mbele za watu kwa ajili yako. Nikasema, mkwe wangu wa Ujiji alifanya kazi nzuri. Mimi nafanya ile ile."

"Bibi, na kama alikosea?"

Ilinitoka. Hakukasirika.

"Basi aniambie yeye, si wewe. Wewe ni mtoto, mtoto hajui alichoepushwa nacho. Siku mkwe wangu wa Ujiji akiniambia kwa kinywa chake kwamba alikosea, hiki kitambaa nitakifungua mimi mwenyewe na nitakitupa."

Asubuhi yake nilikuwa navaa viatu vya kwenda kazini, nikamsikia uani anamfunga Hadija huku anaimba. Mama, alikuwa anaimba wimbo wangu. Maneno yote, hakukosea hata moja. Na Hadija anamwitikia.

Ndiyo hapo nilipofikia. Wimbo wangu wa kwanza ndio wanafungia mkono.

Na kuna jambo jingine. Baada ya wiki tatu Bibi anapanda mlimani kuvuna maharage, anakwenda na Hadija, watakaa huko miezi miwili. Kuna bibi mmoja huko anayesifika kwa kunyoosha mikono ya watoto, anaupaka pilipili ule usiotakiwa. Simu huko haishiki. Mimi likizo sina, na mtu mwingine wa kumwachia mtoto sina. Nimegeuza geuza, sioni mlango. Naondoka asubuhi, nadeki korido za watu, najiambia labda kesho nitapata la kusema, na kesho ikifika nadeki tena.

Sasa mama naomba usiiweke karatasi chini.

Nakumbuka kitambaa changu. Kilikuwa cha khanga ya njano. Ulikuwa unanifunga ukiwa nyuma yangu, nisikuone uso, lakini machozi yako yalikuwa yananidondokea shingoni. Ulidhani sijui ni nini. Na nakumbuka bibi mzaa baba alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka, anatazama kama fundo limekaza. Ulikuwa na umri kama wangu wa sasa, mama. Sikulaumu. Nasema kweli, sikulaumu hata kidogo, sasa ndiyo nimejua ulikuwa umesimama wapi.

Lakini nakuomba kitu. Mpigie Bibi. Si mimi, yeye. Namba yake nimeiandika kwenye karatasi ndogo iliyo ndani ya bahasha. Mpigie asubuhi, kabla hajaenda shambani, umsalimie mkweo kama inavyopasa, umuulizie mazao, halafu umwambie neno moja tu: nilikosea. Usimweleze habari za machozi wala za marehemu bibi, wala usinisifie gitaa. Akikuuliza kwa nini, mwambie binti yako bado anaupiga mkono wake mpaka leo.

Na kama moyoni mwako huoni kwamba ulikosea, mama, usipige. Sitaki uongo kwa ajili yangu. Nitajua kwa kimya chako, nitakuheshimu vilevile, nitakuamkia shikamoo vilevile. Ila usiniambie mtandao ulikata.

Nisalimie wote. Baba, mwambie asiiache dawa ya kikohozi katikati. Shangazi wa nyumba ya uani, mwambie migebuka aliyonikaushia ilifika salama na Bibi aliila kichwa mpaka mkia, sasa anaulizia mingine. Kaka yangu wa gereji, amwoe basi yule binti wa watu, asimchoshe. Baba mdogo naye msalimie, mwambie nimekukataza kumpa barua, anajua kwa nini. Na yule mwalimu wangu wa darasa la pili, ukikutana naye njiani mwambie mwandiko wangu bado ni wa kuku, ila sasa nina sababu.

Hadija anakusalimia sana, anasema somo yake amletee kasuku.

Ni mimi mwanao anayekuhitaji,
Zainabu, Mama Hadija

Geuza karatasi. Huo mkono uliochorwa nyuma ni wa Hadija. Leo Jumapili niko nyumbani na Bibi amekwenda msibani, kwa hiyo nimemfungua tangu asubuhi. Ameulaza mkono wake kwenye karatasi akauzungushia penseli mwenyewe, mimi sikumsaidia, ulimi ulikuwa nje muda wote. Hesabu vidole, vyote vitano vipo. Huo ni mkono wa kulia, mama, kwa sababu ule wa kushoto ndio ulioshika penseli. Hakuupiga. Weka wako juu yake.